Samaki wa Matanga

Duka la Bi Siti Mansuri lilikuwa karibu na soko la Kyela mjini, upande wa barabara iendayo Ipinda. Ukiingia, mkono wa kulia kulikuwa na kanga zilizotundikwa kwenye kamba, mkono wa kushoto sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Nyuma ya kaunta palikuwa na mlango wenye pazia, na nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa na sebule yake. Wateja hawakuwa na sababu ya kuvuka pazia lile. Hata hivyo, katika miaka ya tisini, watoto wa mtaa, wauza mchele kutoka Ndandalo na hata makondakta waliokuwa wakisubiri magari yao yajae, walikuwa wakiomba ruhusa ya kupita. Walitaka kuona samaki wanaokaa ndani ya nyumba.

Bi Siti hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Lindi, akaletwa Kyela akiwa bado bibi harusi na mumewe, Salehe, aliyekuwa akiuza nguo. Kitu cha kwanza kilichomshangaza kilikuwa mvua. Siku ya tatu ya kunyesha bila kupumzika alimwuliza mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi mbele ya duka, "Dada, mvua hii itakatika lini?" Mwanamke yule alimtazama kwa huruma, akamjibu, "Hii? Hii bado haijaanza."

Mwanamke huyo alikuwa Atupele, mkulima wa mpunga na ndizi kutoka Ndandalo, Mkristo, mwenye kicheko kilichosikika hadi sokoni. Tangu siku ile hawakuachana. Atupele alimfundisha kuitikia "ndaga" anaposalimiwa, na Bi Siti alimfundisha kupika wali kwa nazi, ingawa Atupele alisema maisha yake yote kwamba mchele wa Kyela una harufu yake na kuutia nazi ni kuutukana.

Salehe alifariki katika miaka ile ya shida, wakati kipande cha sabuni kilikuwa kikipangiwa foleni na rafu za maduka zilikuwa zimebaki kuhifadhi vumbi. Alimwachia mkewe duka tupu na mtoto mmoja wa kiume, Kheri. Bi Siti aliuza maandazi mbele ya rafu zile tupu mpaka ilipokuja ruksa ya biashara huria. Hapo bidhaa zikaanza kuingia, nyingine kutoka Dar es Salaam, nyingine kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na kanga zikarudi kwenye kamba. Majirani walimwambia kuwa sasa anaweza kupumzika, kwa kuwa Kheri amekua na atashika duka.

Kheri hakutaka duka. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, asiyeweza kusimama nyuma ya kaunta kwa muda wa kupima chumvi. Alipenda maji. Wakati huo alikuwa amefika mgeni mmoja aliyeweka kambi karibu na Matema, akinunua samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe chini ya ziwa, wale wanaoitwa mbuna, wa buluu na njano na milia. Aliwasafirisha wakiwa hai kwenda kuuzwa nje. Vijana wa pwani ya ziwa walipiga mbizi wakawakamata kwa nyavu ndogo, na Kheri akajiunga nao. Rafiki yake mkubwa kule alikuwa Anyitike, kijana wa Lyulilo, kijiji jirani na Matema, mtoto wa mama mfinyanzi, aliyeweza kukaa chini ya maji mpaka wenzake waanze kumlilia.

"Mama, hawa hawaliwi," Kheri alimweleza mama yake siku ya kwanza. "Wanatazamwa."

"Wanatazamwa na nani?"

"Na wazungu, huko kwao. Wanawaweka sebuleni."

"Na wakishawatazama?"

"Wanawatazama tena."

Atupele, aliyekuwa ameketi kizingitini akimenya ndizi, aliangua kicheko. "Mwe bandu, jamani! Basi waje na kwangu wamchukue mume wangu. Naye haliwi, na hana kazi nyingine zaidi ya kutazamwa."

Ili mama yake asiendelee kucheka, Kheri alitengeneza kisanduku cha kioo. Alinunua vioo vya dirisha, akavigandisha kwa gundi nzito, akakiweka juu ya meza sebuleni. Chini alitandika mchanga na mawe kutoka Lyulilo. Kisha akaleta samaki wanne. Hakukuwa na mashine ya kuyapa maji hewa, kwa hiyo alimfundisha mama yake kazi moja. Kila asubuhi, adhuhuri na jioni achukue kopo la maziwa, ateke maji ya mle mle, alinyanyue juu kiasi cha mkono, ayamimine polepole yaanguke kwa povu. "Maji yakianguka yanaingia na hewa," alisema. "Wao wanapumua ile."

Bi Siti aliichukua kazi ile kama alivyokuwa amechukua sala. Miongoni mwa wale wanne alimpenda zaidi mmoja wa buluu mwenye doa jeupe shavuni, kama tone la chokaa. Alimwita Doa. Doa alikuja kwenye kioo kila aliposikia kopo likigonga meza.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza kweli, Kheri alikuja mbio na ndoo. Mgeni alikuwa akipeleka mzigo Mbeya siku ileile, na samaki wa buluu walikuwa wamepungua kwenye hesabu.

"Mama, niazime hawa wanne. Nikirudi nitakuletea wengine, wazuri zaidi."

"Wote wanne? Doa humgusi."

"Hasa Doa, Mama. Anang'aa kuliko wote. Huko anakokwenda atawekewa taa."

Bi Siti alinung'unika, lakini alikubali. Alimfungia maandazi kwenye gazeti. Kheri aliyapokea, akainua pazia kwa kichwa kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa, akatoka.

Gari lililobeba mzigo lilipinduka kwenye kona za kupandia Tukuyu. Barabara ilikuwa imelowa na kuteleza. Dereva aliumia mguu, Anyitike aliumia bega. Kheri alifia palepale. Mifuko ya nailoni iliyokuwa na samaki ilipasuka, na waliofika mapema walisema lami ilikuwa imejaa samaki wa rangi rangi wakirukaruka katika mvua, na hakuna aliyejua aanze kuokota nini.

Anyitike alisafiri na mwili kurudi Kyela, nyuma ya pikapu ya msamaria. Mapajani alishika mfuko mmoja ambao haukupasuka. Baadaye alipoulizwa kwa nini aliuokota, alisema hajui. Mikono ilitaka kushika kitu. Alipoushusha mbele ya pazia la Bi Siti, ndani yake kulikuwa na samaki wawili waliokufa na mmoja aliyekuwa hai. Aliyekuwa hai alikuwa na doa jeupe shavuni.

Kheri alizikwa siku ya pili yake. Nyumba ikajaa. Waislamu wa mjini walikuja kwa wingi, na Wanyakyusa wa Ndandalo walikuja kwa wingi zaidi, wanawake wakiwa wamejifunga vitenge viunoni, kwa kuwa kwao msiba wa jirani hauangaliwi dini. Walilala kwenye mikeka sebuleni, ukumbini na hata dukani kati ya magunia. Walipika, walilia, walisimulia, waligombania sufuria. Asubuhi Bi Siti alipofumbua macho kulikuwa na mtu anayemwuliza "Umelalaje, mama?" na usiku alipofumba kulikuwa na mtu anayekohoa karibu na sikio lake.

"Atupele," alinong'ona siku ya pili ya matanga, "siwezi kupumua. Waambie waende."

"Haambiwi mtu," alisema Atupele. "Wataondoka wenyewe. Wewe lia tu."

Atupele ndiye aliyemtia Doa katika kisanduku na ndiye aliyekumbuka kopo. Katikati ya kilio, mara kwa mara, ilisikika sauti ya maji yakianguka.

Khitima ikasomwa, tanga likaanuliwa, watu wakatawanyika. Siku iliyofuata Anyitike alifika kutoka Lyulilo akiwa amefunga mkono kwa kitambaa. Alikuwa na chungu kidogo cha udongo, kazi ya mama yake, chenye maji. Ndani yake alizunguka samaki mkubwa wa buluu iliyokoza, karibu nyeusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, sisi wapiga mbizi hatukuleta kitu msibani. Tulikuja mikono mitupu, na kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Huyu nimemtoa kwenye mwamba aliokuwa akipenda kushukia Kheri. Ndiyo rambirambi yangu."

Bi Siti alilia kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa na sauti za wengine. Akampokea samaki, akamtia pamoja na Doa.

Wiki iliyofuata alikuja mpiga mbizi mwingine, naye na chungu. Halafu wawili pamoja. Halafu mama mfinyanzi mwenyewe, mama yake Anyitike, alisafiri mpaka Kyela akiwa na chungu kichwani, na ndani yake samaki watatu wadogo wa njano. Habari ilikuwa imeenea pwani yote kwamba mama wa Kheri anapokea samaki kuwa rambirambi, na kila aliyekuwa amekula au kulala na Kheri kule ziwani aliona ni aibu kutotuma. Wasioweza kuja walituma kwa magari ya Ipinda. Makondakta walibisha hodi dukani wakiwa wamelowa mapaja: "Mama, mzigo wako huu. Umenilowesha suruali."

Bi Siti hakukataa hata mmoja. Hakuweza. Rambirambi haikataliwi, na ikishapokelewa hairudishwi. Kuirudisha ni kama kumwambia aliyeileta, shika kifo chako. Vyungu vitupu vikapangwa ukutani, na kisanduku kikajaa mpaka mawe yakawa hayaonekani. Samaki walipita wakigusana, buluu juu ya njano, njano juu ya milia. Watoto walisimama mbele yake vinywa wazi.

"Wamekuja kukaa matanga," alisema Atupele. "Hawa nao wataondoka lini?"

Kabla ya miezi miwili kwisha maji yalianza kuwa na ukungu. Samaki walipanda juu, wakaweka midomo usoni mwa maji, wakawa wanapumua kwa haraka kama watu waliokimbia. Bi Siti aliongeza kazi ya kopo. Alimimina kabla ya sala na baada ya sala, akamimina wateja wakisubiri dukani, akaamka usiku kumimina. Alibadilisha maji kwa ndoo. Hata hivyo, asubuhi moja alikuta wawili wa njano wanaelea. Alizamisha macho kumtafuta Doa. Alikuwepo, pembeni, mdomo juu.

Tangu hapo hakuwa na swali jingine. Kheri alikuwa ameondoka na samaki wanne na akarudi mmoja, na yule mmoja asife. Wengine wote walikuwa heshima za watu. Doa alikuwa ametoka mikononi mwa mwanawe.

Alimwita Mwalimu Nelson, aliyefundisha baiolojia katika sekondari moja ya wilaya na aliyenunua sabuni kwake. Mwalimu Nelson alikuwa mtu mwema, mwenye subira, na alimpenda Kheri, kwa sababu alikuwa amemfundisha bila mafanikio makubwa. Alikuja na rula. Alipima urefu wa kioo, upana wake na kina cha maji, kisha akakaa akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Mama Kheri, kila samaki anatumia hewa, na kila samaki anachafua maji. Kisanduku hiki ni kidogo. Bila mashine, kinaweza kubeba watatu. Ukisisitiza sana, wanne."

"Wanne ndio aliokuwa nao Kheri."

"Basi Kheri alijua. Laiti angejua hivyo kwenye mtihani." Mwalimu akajutia utani wake papo hapo, lakini Bi Siti alitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Na hawa wengine, mwalimu?"

"Warudishwe."

Bi Siti akavitazama vyungu ukutani. "Warudishwe kwa nani? Hiyo ni rambirambi."

Mwalimu Nelson alikuwa Mnyakyusa naye, na alielewa. Jibu la neno hilo alilileta Atupele, jioni, akiwa amebeba kikapu chake mlangoni tayari kuondoka.

"Usiwarudishie watu," alisema. "Rudisha ziwani. Ziwa si mtu, haliwezi kukasirika. Na vyungu vyao usivirudishe vitupu. Mimi nitakupa mchele."

Walikwenda pamoja kwa gari la Ipinda na kuendelea hadi Matema, wanawake wawili na vyungu vyao vilivyofunikwa kwa majani ya mgomba. Samaki walikuwa ndani. Walipofika Lyulilo ilikuwa siku ya soko, mitumbwi imepangwa mchangani na vyungu vipya vimelaliana juu ya nyasi. Wanawake wa pale walimtambua Bi Siti, wakaviona vyungu vyao wenyewe vikiwa na maji, na kelele za soko zikapungua.

Mama mfinyanzi alisogea. "Ugonile, Mama Kheri. Umetuletea nini?"

"Sijakuletea kitu, mama," alisema Bi Siti. "Nimewaleta wageni wangu waliochoka. Walikaa na mimi matanga, wakanililia, sasa wanarudi nyumbani kwao. Rambirambi yenu ninayo. Haijatoka moyoni."

 Mama mfinyanzi alivua kandambili zake, akaingia majini mpaka magotini, akanyoosha mikono apewe chungu cha kwanza. "Mgeni anasindikizwa," alisema.

Anyitike na wenzake waliwapeleka samaki kwa mtumbwi, kila mmoja kwenye mwamba aliotoka, na vyungu vilipobaki vitupu Atupele alivijaza mchele kutoka kwenye gunia lake. Hakuna aliyekasirika. Wengine walilia upya, Kheri akaombolezwa kwa mara ya pili pale mchangani, na Bi Siti alirudi Kyela akiwa mwepesi kiasi kwamba alimwambia Atupele amesikia njaa.

Katika kisanduku alikuwa amewaacha watatu: Doa, samaki mdogo wa njano wa mama mfinyanzi, na yule mkubwa wa buluu iliyokoza ambaye Anyitike alimleta kwanza. Hao aliona hawezi kuachana nao. Maji yakawa safi. Mawe yakaonekana tena. Mwalimu Nelson alipita, akainama, akatazama, akasema, "Sasa wana nafasi ya kutosha." Bi Siti akapunguza kazi ya kopo ikarudi kuwa ya asubuhi, adhuhuri na jioni, na usiku akalala.

Siku chache baadaye aliona yule mkubwa amesimama katikati ya kisanduku, mapezi yametanuka, na Doa amejibanza kwenye pembe nyuma ya jiwe. Aligonga meza kwa kopo. Doa alitoka kidogo. Mkubwa akamrukia kama mshale, Doa akarudi pembeni. Mkia wake ulikuwa umeliwa ncha.

Alimwita mwalimu. Mwalimu Nelson alitazama kwa wasiwasi. "Wanagombea mahali," alisema. "Tuwape siku, Mama. Watazoeana. Hata wanafunzi wa bweni huanza hivi."

Bi Siti aliwapa siku. Aliongeza mawe ili Doa apate pa kujificha, lakini mkubwa aliyafanya mawe mapya kuwa yake. Samaki wa njano alikuwa mdogo mno, alijipenyeza kwenye tundu na hakuonekana. Aliyebaki wa kupigwa alikuwa mmoja. Bi Siti alianza kukaa mbele ya kioo akiwa na kijiti, akimzuia mkubwa kila aliposogea, na wateja wakagonga kaunta hadi wakachoka. "Mwache mwenzio!" walimsikia akisema nyuma ya pazia. "Mwache! Huyu ni mtoto wa watu!"

Alimtuma kondakta wa Ipinda kumwita Anyitike aje amchukue mkubwa. Ujumbe ulifika. Anyitike alikuja Ijumaa, mchana, Bi Siti akiwa amerejea kutoka msikitini. Waliingia sebuleni pamoja, yeye akiwa bado na baibui.

Doa alikuwa amelala juu ya mchanga kwa ubavu. Upande wa doa ulikuwa umeangalia juu.

Bi Siti hakulia. Aliingiza mkono katika maji na baibui lake, mpaka kwenye kiwiko, akamtoa, akamweka juu ya kiganja. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Alikuwa na nafasi," alisema. "Mwalimu alipima. Maji yalikuwa safi. Kwa nini, Anyitike?"

Anyitike alikuwa mtu wa kuzama, si wa kusema. Alifikiri kwanza. "Mama, kule ziwani anayepigwa hukimbia. Nami sikuwahi kuwaza kwamba hapa hana pa kukimbilia."

"Lakini walipokuwa wengi hakumgusa. Walijaa humu, wanagusana, hakuna aliyempiga mwenzake."

"Walipokuwa wengi, hakujua ampige nani. Anamkimbiza huyu, anapita yule. Hasira yake iligawanyika." Alitazama chini. "Walipobaki wachache ikamwangukia mmoja."

Bi Siti alikaa kwenye kiti akiwa na samaki mkononi. Sebule ilikuwa kubwa. Mikeka ilikuwa imekunjwa tangu zamani na kusimamishwa pembeni, na ukuta uliokuwa na vyungu ulikuwa mtupu.

"Nami niliomba waondoke," alisema taratibu. "Nilimwambia Atupele, waambie waende, siwezi kupumua."

Anyitike akageukia kisanduku. Aliomba chungu ili amchukue yule mkubwa, ampeleke mbali, asimwone tena. Bi Siti akatikisa kichwa.

"Humchukui. Huyu ni rambirambi yako. Uliiokota kwenye mwamba wa mwanangu, nikaipokea. Wale nilisema wamechoka. Huyu hajachoka."

"Mama, ameua."

"Ameua kwa kuwa nilimpunguzia wenzake. Yule mdogo wa njano mrudishe ziwani, umwambie mama yako kakaa vizuri. Huyu utaniachia."

Doa walimzika uani chini ya mgomba, Anyitike akichimba kwa mkono uliokuwa mzima. Atupele alipofika na kusikia, hakufanya utani wowote. Alikaa mkekani na hakurudi Ndandalo usiku ule, wala usiku uliofuata.

Kaka yake Bi Siti aliandika mara kadhaa kutoka Lindi akimtaka arudi kwao, sasa kwa kuwa Kyela hakuna wake aliyebaki. Hakurudi. Alipoulizwa alisema kuna mtu anamtegemea kwa kopo la maji. Mgeni wa Matema alihama na biashara yake ikahamia pwani nyingine, Anyitike akarudi kwenye uvuvi wa samaki wanaoliwa, maduka mapya yakafunguliwa pande zote za barabara yakiwa na bidhaa nyingi kuliko za Bi Siti. Yule mkubwa aliishi. Aliishi peke yake katika maji safi, mwenye nafasi yote.

Watoto waliendelea kupita chini ya pazia kumtazama, nao ndio walioona jambo jingine. Jioni, taa ya mafuta ilipowashwa sebuleni, kioo kiligeuka kuwa kama kioo cha kujitazamia, na samaki aliona samaki mwingine mbele yake, mkubwa kama yeye. Alimvamia. Alikipiga kioo kwa mdomo, akarudi nyuma, akakipiga tena, mpaka midomo yake ikawa myeupe. Watoto walicheka wakihesabu mapigo.

Bi Siti hakucheka. Alichukua kanga, ile aliyojifunga siku ya maziko ya Kheri na ambayo hakuiuza wala hakuivaa tena, akaitandaza juu ya kisanduku ikafunika pande zote. Ndani kukawa kimya. Tangu hapo ikawa desturi yake. Alipowasha taa alifunika kwanza, kisha akakaa kitini, na ilipofika saa ya kopo aliinua pembe moja tu ya kanga, akamimina maji polepole yaanguke na hewa yake, akaishusha tena.